Mwito wa Tatu

Jina la Idris Mia halikuwepo kwenye skrini. Rehnuma angeweza kuapa kwa hilo, maana tangu kliniki ifunguliwe asubuhi alikuwa amesimama palepale, mikono nyuma, akiitazama programu yake mpya ikipanga wagonjwa kwa utiifu ambao watoto wa siku hizi hawana. Jina linaandikwa, spika inaita, mgonjwa anainuka na kuingia chumbani, jina linafutika. Raha mustarehe. Kisha spika ikasema kwa upole, mara moja tu, "Idris Mia. Mlango wa nyuma."

Kwenye skrini palikuwa na majina ya wanawake watupu.

Kwenye benchi la mwisho aliinuka mzee mwembamba mwenye utepe wa kupimia nguo shingoni. Alikuwa fundi cherehani wa mtaa wa pili, na hakuja kutibiwa. Alimsindikiza mkewe, aliyekuwa ndani akipimwa presha. "Naam," akaitikia, akatabasamu, akaacha ndala zake chini ya benchi na kuifuata korido kuelekea nyuma. Hakuna aliyemzuia. Kliniki ni mahali pa watu kuinuka na kwenda wanakoitwa.

"Malati-didi, dada yangu," Rehnuma alimwambia muuguzi wa mapokezi, "yule umemwandika wewe?"

"Mimi?" Malati alikunja shali yake, maana ukungu wa baridi ulikuwa umeingia hadi ndani. "Tangu ulete hilo dude lako mimi siandiki, siiti, nimekaa hapa kama picha ya marehemu ukutani. Muulize mwenyewe." Kisha akainua pua. "Nani anakaanga samaki hapa?"

Rehnuma naye aliisikia ile harufu. Samaki wa kukaanga, na chini yake tope, lile tope jeusi la chini ya bwawa ambalo hutoka tu maji yanapokauka. Alidhani ni jikoni kwa jirani. Kuhusu jina, alijiambia kuna kasoro ndogo mahali fulani na angeirekebisha ofisini akipata chai yake.

Kabla ya adhuhuri, mama anayefua mashuka ya kliniki alienda bwawani nyuma ya jengo na kurudi bila beseni, bila sauti. Idris Mia alikuwa amesimama ndani ya maji, wima, maji yamempita pua, macho wazi. Waliomtoa walisema uso wake ulikuwa na furaha ya mtu aliyekutana na ndugu yake baada ya miaka. Polisi waliandika kwamba mzee aliteleza.

Sasa, ili mtu aelewe kosa lilivyofanyika, lazima ajue kwamba programu ya kompyuta ni kama mtumishi mgeni: ikiamka asubuhi haijui lolote mpaka isome karatasi ya maagizo. Sauti iwe juu kiasi gani, ivae lugha ipi, vyumba viko vingapi. Karatasi hiyo ni faili dogo la mipangilio. Lililoandikwa humo ndilo litakalotendwa, programu haiulizi kwa nini.

Programu ya zamani ya kliniki ya Daktari Golzar iliandikwa na Moksed, aliyekuwa fundi mkuu wa ofisi yao pale Khulna kabla ya kwenda kutafuta riziki Kuwait. Ilikuwa kazi ya kizamani, yenye viraka. Malati alipaswa kubonyeza kitufe kila mara jina lilipoitwa. Abonyeze, asubiri, atazame kama mtu kaja, abonyeze tena. "Kidole changu kimeota sugu kama paji la ustadhi," alikuwa akilalamika kwa kila aliyetaka kusikia na asiyetaka. Ndani ya faili la mipangilio Moksed aliacha mstari uliosema: Idadi ya kuita, tatu. Juu ya mstari huo aliweka mwingine wenye alama ya reli, #, mbele yake: Usiguse hapa. Ukitaka kugusa, nipigie kwanza. Moksed.

Mstari wenye alama ya reli mashine huuruka. Umeandikwa kwa ajili ya macho ya binadamu. Rehnuma alikuwa na macho ya binadamu, naye akauruka.

Si kwamba alikuwa mjinga. Alikuwa hodari, na uhodari wake ulimpa ugonjwa wa wahodari wengi: hakuweza kuona uchafu wa mwenzake akauacha. Aliondoa kitufe cha Malati, akaifundisha programu iite yenyewe kwa idadi ambayo faili limesema. Alifuta maneno ya Moksed kama mtu anayefuta utando wa buibui. Na Daktari Golzar aliposema, "Mara tatu ya nini, binti yangu? Asiyesikia mara moja nampeleka kwa daktari wa masikio," Rehnuma alicheka, akaifuta tatu, akaandika moja.

Ni kazi ya kufumba na kufumbua macho. Mtu anakohoa, imekwisha.

*

Siku mbili baada ya mazishi ya fundi cherehani, Malati alimvuta Rehnuma kwenye chumba cha dawa na kufunga mlango kwa mgongo wake.

"Aliitwa mara moja," alinong'ona.

"Didi, spika ilikosea."

"Nasema aliitwa mara moja na akaitikia. Kwetu Bagerhat hata mbwa haitikii mwito wa kwanza. Wewe kwenu hamkufundishwa?"

Walifundishwa. Baba yake, Mwalimu Azhar Uddin, alisomesha hesabu shule ya serikali maisha yake yote, na hakuamini kitu asichoweza kukihesabu. Ila kuhusu Nishi, pepo wa usiku, aliamini. Jua likizama, nyumbani kwao hakuna aliyeitikia kabla ya mwito wa tatu. Yule anayetembea gizani na kuazima sauti za watu wako, Abbu, kama walivyomwita baba yao, alikuwa akisema, ana mwiko wake. Ataita mara moja. Ataita mara mbili. Ya tatu hawezi, hakupewa. Basi hesabuni, watoto wangu. Mkisikia ya tatu, ni mtu. Na wao walihesabu kwa vidole chini ya shuka, hata mama yao alipokuwa akiita watu chakula, mpaka wali ukapoa na mama akakasirika.

Mama alikwisha kufa. Abbu alikuwa hai, lakini kumbukumbu zake zilikuwa zikimtoka moja moja. Alisahau jina la mkewe, njia ya msikitini, kama amekula. Alisahau hata kuogopa. Siku hizi ukimwita tu, popote, anainuka na kufuata. Rehnuma alikuwa akifunga lango kwa kufuli mbili, na kila akirudi kazini swali lake la kwanza lilikuwa kama yupo.

"Mimi ni mtu wa kompyuta, didi," alimwambia Malati. "Nitatafuta kasoro."

"Itafute. Mimi nimeshanunua ubani."

Kasoro aliitafuta ofisini, akiifungua kompyuta ya kliniki kwa mtandao, juu ya duka la peremende, mvuke wa sukari ukipanda dirishani. Programu haikuwa na rekodi ya kuita jina la Idris. Kwa upande wake, halikuitwa. Ndipo akalitazama faili la mipangilio lenyewe. Kila faili hubeba alama ya lini lilisomwa mara ya mwisho, na programu yake ilisoma mara moja tu, asubuhi, inapowashwa. Lakini alama ilionyesha kwamba faili lilisomwa jana magharibi, wakati kliniki imefungwa na umeme umekatika mtaa mzima. Akadhani macho yamemdanganya. Akaitazama tena, na alama ikabadilika palepale. Kitu kililisoma tena faili, na yeye yupo, anaangalia.

"Virusi," alisema bosi wake, Shahadat, bila kuinua kichwa kwenye sahani yake. "Safisha, weka upya."

"Nimesafisha, bosi. Hakukuwa na umeme. Nani anasoma faili bila umeme?"

"Virusi vya Kihindi," alisema Shahadat, akaendelea kula. Siku hizi hata jini likiingia mjini linapewa jina la ugonjwa.

Rehnuma alimpigia Moksed. Nambari haikupatikana. Alipiga tena jioni, na siku iliyofuata. Aliacha ujumbe: Bhai, kaka yangu, nipigie, ni kuhusu ile tatu yako.

Wiki hiyohiyo spika ilimwita Kohinur Begum, muuza mboga aliyekuja kutazamwa macho. Malati ndiye aliyemkamata kwenye mlango wa nyuma, mguu mmoja umeshavuka kizingiti. Ilibidi aje mlinzi, kisha mfamasia, na wote watatu walimvuta mwanamke mmoja mfupi na bado aliwakokota. Alipoanguka chini alilia kwa hasira. "Mama yangu ananiita, mnanizuia kwa nini? Nyinyi hamkuisikia sauti yake?"

Hawakuisikia sauti ya mama yake. Malati alisikia sauti ya bibi yake aliyemlea. Mlinzi alisikia ya mkewe aliyekufa kwa uzazi, na alikaa chini ukutani akafunika uso kwa kofia yake. Mfamasia alikataa kusema aliisikia ya nani, na kesho yake hakuja kazini.

*

Mdharau mwiba mguu huota tende. Rehnuma alijua alichopaswa kufanya tangu siku ya Idris Mia, ila kukifanya kulikuwa kukubali kwamba mtu amekufa kwa mkono wake, kwa tarakimu moja aliyoifuta akicheka. Akawa anaahirisha. Na katika kuahirisha huko, kidonda cha Abbu mguuni, kidonda cha sukari kisichopona, kikaanza kunuka.

Kliniki nyingine iliyokuwa na daktari wa vidonda ilikuwa ng'ambo ya mto, na Abbu akiona maji mengi hulia. Akampeleka kwa Golzar. Alimwandikisha mwenyewe, jina kamili, Azhar Uddin, akamkalisha benchi la mbele na kumshika mkono wa kanzu. Alijiambia atakuwa naye kila dakika, na kwamba mtu aliyeshikwa haendi popote.

"Huyu ni nani?" Abbu alimuuliza jirani yake wa benchi, akimwonyesha Rehnuma kwa kidevu. "Ana moyo mzuri. Ameolewa?"

"Ni binti yako, mwalimu."

"Aa," alisema Abbu kwa heshima. "Hongera kwangu."

Watu walicheka, na Rehnuma naye akacheka, na katikati ya kicheko hicho harufu ikaja. Samaki, kisha tope. Spika ikakwaruza. Haikusema Azhar Uddin.

"Khoka," ilisema. "Mlango wa nyuma."

Khoka ni mtoto mdogo wa kiume, kila mama kule humwita mwanawe hivyo, lakini katika uhai wote wa Rehnuma hakuna aliyewahi kumwita baba yake jina hilo. Aliyemwita hivyo alizikwa Abbu akiwa na miaka minane. Uso wa mzee ukalegea, mikunjo ikamwondoka, akainuka kwa mguu ule mbovu kama hauna kidonda, na Rehnuma akaning'inia kwenye kanzu yake mpaka vifungo vikaruka na kutawanyika sakafuni, akamzunguka, akamkumbatia kiunoni, na alipouona mdomo wa baba yake ukifunguka ili kuitikia aliubana kwa kiganja, akaubana kwa nguvu hata akamuumiza, huku Abbu akimtazama juu ya vidole vyake kwa macho ya mtoto anayenyang'anywa sikukuu.

Hakuitikia. Hakuna sauti iliyopenya kiganja cha binti yake. Baada ya muda mzee akakaa, akaomba maji.

Kwenye skrini, chini ya majina yote, palikuwa na jina moja ambalo hakuna mkono ulioliandika. Khoka. Na mbele yake yale maneno ambayo Rehnuma mwenyewe aliyachagua kwa wagonjwa wasioitikia, ili wasipoteze zamu yao: Bado anasubiriwa.

Palepale mbele ya wagonjwa, bila kumuuliza daktari wala bosi, Rehnuma alikaa kwenye kiti cha Malati, akafungua faili la mipangilio, akafuta moja na kuandika tatu. Akalifuta jina la Khoka. Akazima programu, akaiwasha tena, ikasoma. "Salma Parvin, chumba cha kwanza," ikaita, ikavuta pumzi kwa muda aliokuwa ameupanga, "Salma Parvin, chumba cha kwanza," ikavuta pumzi, "Salma Parvin, chumba cha kwanza." Salma Parvin aliingia huku akinung'unika kwamba yeye si kiziwi. Malati alitikisa kichwa polepole kama mtu aliyesikia dua yake ikiitikiwa.

*

Siku zikapita kimya. Daktari Golzar, ambaye kwanza alisema haya yote ni upuuzi, alimleta hujur, shehe wa kupunga majini, kutoka mtaa wa reli, naye akasoma, akapuliza maji, akanyunyiza kila kona hadi kwenye mafaili ya wagonjwa, kisha akaifunga spika hirizi kwa uzi mwekundu. Malati akaongeza ubani wake na pilipili saba na ndimu, ili kusiwe na upande wa mbinguni utakaojisikia umesahauliwa. Hujur alipewa sifa. Rehnuma alijua sifa ni za ile tatu.

Jambo moja tu. Alama ya faili haikuacha kubadilika. Faili lilikuwa likisomwa kila magharibi, kisha asubuhi, kisha mchana, na hatimaye ikawa kila alipotazama limetoka kusomwa sasa hivi. Lakini hakuna aliyeitwa. Hakuna aliyekufa. Alikuwa amechoka, na mtu aliyechoka akipewa kimya haulizi kimetoka wapi. Akaacha kutazama.

Moksed alipiga simu siku ya Ijumaa, jua likizama. Rehnuma alikuwa jikoni uani, anageuza bilingani kwenye mafuta. Abbu alikuwa barazani ng'ambo ya ua, juu ya kiti chake cha mwanzi, mguu umefungwa bandeji mpya, bakuli la bisi za mchele mapajani. Nyuma ya baraza kulikuwa na lango, na nyuma ya lango bwawa la mtaa, ukungu umeanza kulilalia.

"Rehnuma! Nilikuwa jangwani kazini, hakuna mtandao. Nimeona ujumbe wako, moyo umenipasuka. Niambie hukuigusa."

"Niliigusa, bhai." Na hapo akalia, akamweleza yote, Idris Mia na ndala zake chini ya benchi, Kohinur, Abbu.

"Mimi nami niliweka moja," alisema Moksed kwa sauti ya chini. "Wiki yangu ya kwanza pale. Mke wa mlinzi, unajua alikufaje? Wanasema uzazi. Alitoka kitandani na mtoto tumboni, akaenda bwawani. Sikumwambia mtu. Niliweka tatu, nikaandika onyo, nikaomba Mungu." Akapenga kamasi. "Basi. Umeirudisha?"

"Nimeirudisha. Tangu siku ile hakuna kitu."

"Alhamdulillahi. Na kitufe?"

"Kitufe gani?"

"Cha Malati. Cha kubonyeza."

"Hicho nilikiondoa, bhai. Siku hizi inaita yenyewe."

Mafuta yalikuwa yakichemka.

"Inaita yenyewe mara ngapi?" Moksed aliuliza.

"Kama faili linavyosema. Tatu."

"Ya Mungu wangu. Rehnuma, sikiliza. Mimi sikuandika tatu ili mashine iite mara tatu. Niliandika tatu ili mashine isubiri kidole cha mtu mara tatu. Lile linaweza kuingia kwenye waya, linaweza kuingia kwenye spika, lakini halina kidole. Lilikuwa likifika mara ya pili linakwama, linabaki linamtazama Malati. Mara ya tatu ilikuwa yetu, na bila hiyo mwito haukutimia."

"Lakini neno ni lilelile, bhai. Sikubadilisha hata herufi. Nililirudisha kama ulivyoliandika."

"Neno ni lilelile. Anayelisoma siye yule. Kwangu liliposema tatu lilikuwa kufuli. Kwako limesema ita mara tatu, na yeyote anayesoma pale ameamrishwa hivyo hivyo." Sauti yake ikapanda. "Alama ya kusomwa, bado inabadilika?"

Umeme ukakatika. Mtaa mzima ukazimika, na kutoka kwa majirani ikapanda ile kelele ya kila siku ya watoto na masufuria, kisha nayo ikafa ghafla. Rehnuma alisimama na kijiko mkononi, akanusa. Alikuwa akikaanga bilingani. Hapakuwa na samaki nyumbani kwao tangu Jumatatu.

"Khoka," iliita sauti ya mwanamke kutoka bwawani.

Ilikuwa sauti nzuri. Ilikuwa sauti ya mwanamke kijana aliyemaliza kazi zake na sasa anamtaka mwanawe aje apakwe mafuta. Akafumbua mdomo amkataze baba yake, na ulimi ukagoma.

Kwenye kiti cha mwanzi Abbu hakuinuka. Kwa mwanga wa moto wa jiko Rehnuma alimwona akiweka bakuli chini, polepole, na kuinua kidole kimoja mbele ya uso wake.

"Moja," alisema Mwalimu Azhar Uddin kwa sauti ya darasani.

Anakumbuka. Ewe Mola, amesahau jina langu na la mama lakini hili analikumbuka. Machozi yalimjaa Rehnuma, na kwa kitambo kimoja cha ujinga alifurahi, alifurahi kuliko alivyowahi kufurahi tangu ugonjwa ule uanze.

"Khoka."

"Mbili." Abbu aligeuza kichwa kuelekea jikoni, na macho yake yakampata, yakamjua. "Rehnu," alisema. "Umeshahesabu? Kaa kimya kwanza. Hadi ya tatu, nilikufundisha."

"Abbu, usiitikie!" sauti ikamtoka hatimaye, na simu ikaanguka huku Moksed akipiga kelele ndani yake, na Rehnuma akaruka sufuria na mafuta yakamwagika na moto ukalipuka nyuma yake, akakimbia katika ua ule mdogo ambao aliuvuka kila siku bila kuufikiria na ambao sasa ulikuwa umelowa tope jeusi lenye baridi, tope hadi kwenye vifundo, likimvuta ndala moja na kisha nyingine, naye akilia Abbu usiitikie, ya tatu si mtu, ya tatu nimempa mimi, huku kati ya mwito na mwito kukipita pumzi ambayo aliijua urefu wake, kwa kuwa ndiye aliyeipanga na kuiandika kwenye faili kwa mkono wake, na alijua bila kuhesabu ni lini itakwisha.

"Khoka."

"Tatu," alisema Abbu, na uso wake ukang'aa kwa furaha ya mwanafunzi aliyepata jibu. "Umesikia? Basi ni mtu."

Na kiganja cha Rehnuma kikiwa bado hakijaufikia mdomo wake, akaitikia, "Naam, mama."